Kwa Dafroza, Kuhusu Vile Vipara vya Mbele

Dafroza,

Asubuhi umenipa shikamoo ukiwa umeugeukia ukuta. Nimeitikia marahaba, lakini aliyesalimiwa ni ukuta. Ukaenda kuaga watu wako bila hata kunywa uji. Kesho unaondoka kwenda Mbeya, na tangu jana mimi na wewe tunaongea kama watu wanaogombea mpaka wa shamba. Basi nimekaa mezani na daftari langu la kwaya, mvua inapiga bati, hakuna wa kuniingilia, nakuandikia. Kuandika najua. Nilifika darasa la nne, na kwenye kisomo cha watu wazima nilimaliza mbele ya babu yako, ingawa yeye alikuwa anasema tulimaliza pamoja. Mwandiko ukikuchekesha, cheka, halafu endelea kusoma.

Sitakuandikia habari za kula vizuri, kusali, kufua na kuchagua marafiki. Hayo nimekupigia kelele tangu una miaka mitatu. Kama hayakuingia kwa kelele, karatasi haitayaingiza. Nakuandikia juu ya yale matairi.

Kwanza ufunguo. Ule ufunguo wa gari ulioutafuta jana mpaka ukapindua godoro langu, niliuficha mimi. Ulikuwa ndani ya debe la ulezi. Nilikaa pale pale kwenye kigoda nikikuangalia unahangaika, nikasema, "Angalia vizuri, nyie watoto wa siku hizi hamna macho." Sasa uko msumarini, mahali pake. Kwa nini niliuficha unajua. Kwa nini nimeurudisha nitakueleza, lakini nikieleza sasa hivi hutaelewa.

Jana, baada ya kuchoka kutafuta, uliniambia neno. Ulisema, "Bibi, wewe unajua ng'ombe. Gari niachie mimi."

Lilinichoma hilo. Leo nimelifikiri nikaona umesema kweli. Najua ng'ombe. Basi nitakupa habari ya ng'ombe, na utaisoma mpaka mwisho. Lakini kabla ya hapo nikuonyeshe kwamba na la gari nimelisikia, usije ukasema bibi anabwabwaja.

Gari lako linavutwa na matairi ya mbele. Hayo hayo yanavuta, hayo hayo yanakata kona. Ya nyuma yanafuata tu kama mbuzi anayepelekwa mnadani. Hilo ulinifundisha mwenyewe, ulilichora kwa chaki kwenye sakafu ya jiko langu mwaka ule ulioanza kazi kwa fundi Lazaro, na sakafu ukaniachia niifute mimi. Halafu yakaja hayo matairi ya mashindano. Baba yako aliyapata kwa watu wa malori kule mpakani Kasesya, yakaletwa na bodaboda, yamefungwa nyuma kama majogoo ya sikukuu. Mimi nikajua mmetapeliwa. Tairi jipya, halina kashata hata moja! Kashata, ile mikato inayotema maji na matope, hakuna, kipara kitupu. Kwetu tairi likifika hapo tunachonga makatambuga. Nikalibonyeza kwa kidole, likabonyea kama ugali wa moto. Nikakuuliza, wewe ukacheka ukasema, "Bibi, haya si ya kutembelea barabarani. Ni ya kuondokea tu, pale kwenye mstari. Kazi yake inaisha kabla hujamaliza Baba Yetu."

Ulisema wewe hayo, sikusema mimi. Nimeyatunza.

Na nilikuja kukuangalia. Unakumbuka kile kipande cha lami mpya nje ya mji, walichokuwa hawajakifungua, mkaruhusiwa kukimbizana siku moja. Ulikuwa umetoa kiti cha nyuma, umetoa jeki, umetoa hata kapeti, ukasema uzito wote ubaki mbele, kwa sababu gari likiondoka kwa nguvu linakaa kitako, na mbele kukiwa kwepesi matairi yanakwaruza bure. Yule kijana wa gari jeusi kubwa, la kusukuma kwa nyuma, akateremsha kioo.

"Dada, hicho si ndicho kigari cha kupelekea nyanya sokoni?"

"Ndicho," ukamwambia. "Na kapu liko ndani, utabebea aibu yako."

Watu wakacheka. Halafu ukamwaga maji chini ya matairi, ukayazungusha pale pale mpaka moshi ukakufunika wewe na gari lako. Mimi nikajua unaungua. Nilikuwa nimeshaanza kutafuta ndoo! Lazaro akanishika mkono akasema, "Bibi tulia, anayapasha moto ili yanate." Ukaondoka. Pua ya gari ikainuka kidogo, kama ng'ombe anayekataa nira, halafu vile vipara vikauma lami, na yule wa gari jeusi akabaki anakunusa. Nilipiga vigelegele. Kanga yangu ikaanguka matopeni mbele ya katekista na sikuiokota mpaka ulipofika mwisho. Jumuiya nzima nimewasimulia, wengine mara mbili. Kwa hiyo usiseme bibi anachukia mashindano yako. Bibi anakujua wewe, na anajua ulirithi kichwa cha nani.

Sasa kesho. Watu wa gereji ya Mbeya wamekuita kazini, na mashindano yao yako keshokutwa. Unataka uingie kwenye uwanja wao vipara viko mbele tayari, wakuone, waseme huyo ndiye binti wa Sumbawanga. Unasema nafasi ya kuvibeba huna, gari limejaa, kuna sanduku la spana, kuna godoro, kuna gunia langu la unga. Unasema utakwenda polepole. Unasema ni siku moja tu.

Lazaro nimemuuliza juzi alipopita. Nikamwambia niambie kwa lugha ya mtu, si ya gereji. Akaniambia hivi: "Bibi, kwenye lami kavu mbele kutashika sana kuliko nyuma. Akiingia kona na kuachia mafuta ghafla, nyuma kunakuja mbele kumsalimia. Kwenye lami yenye maji ndiyo kinyume. Vipara havina pa kupeleka maji, vinaelea juu yake. Atakata usukani, gari linakwenda zake moja kwa moja kama halijasikia. Na upepo wake ni mdogo, tairi lenyewe linapinda pembeni. Na kwa askari wa barabarani sijui atasema nini."

"Umemwambia mwenyewe?"

"Nimemwambia. Akaniambia nimezeeka."

"Una miaka mingapi wewe?"

"Arobaini na moja."

Nilimpa maziwa ya mgando akanywa, maana alihitaji faraja.

Hayo ndiyo ya gari. Sasa ng'ombe.

Ulikuta babu yako Kasto anachechemea. Ulizaliwa anachechemea, na ulipokuwa mdogo ulikuwa unamwigiza mwendo uani yeye anacheka. Ukamuuliza mguu ulifanya nini, akakuambia, "Ng'ombe alinikanyaga. Anaitwa Shujaa." Ukatunga na wimbo wa kumtukana Shujaa, ukawa unawachapa ndama wa watu kwa fimbo eti ukoo wake. Dafroza, Shujaa hakumkanyaga mtu. Alikuwa ng'ombe mpole kuliko mimi, na amekufa na kesi isiyo yake.

Tulikuwa tunakaa Mwazye bado, baba yako Pius yuko mgongoni. Sisi Wafipa wa pale tulikuwa watu wa jembe la mkono, tunafukia majani kwenye matuta, mwaka unaofuata tunapanda. Ng'ombe wa kukokota hatukuwa tumewazoea. Walioleta ujuzi ule ni Wasukuma waliohamia. Jirani yetu alikuwa Masanja, mrefu, anacheka kabla hujamaliza kusema. Tulipopata maksai wetu wawili, Shujaa na Polepole, yeye ndiye aliyewafundisha kazi. Alitutafutia na ekseli ya pikapu iliyokufa, tukatengeneza mkokoteni. Na nilikuwa mwanamke wa kwanza pale kuendesha maksai mwenyewe, nimesimama juu, fimbo mkononi. Wanaume walikuwa wanatoka kilabuni kunitazama. Kiburi nilichokuwa nacho, hata padri alikitaja.

Ule mkokoteni ulikuja na matairi mawili yaliyokwisha, vipara kabisa. Masanja akatuletea mawili mengine yenye kashata. Nikayaweka stoo. Nilivipenda vile vipara vyangu. Kwenye njia kavu vilibingirika kwa wepesi, ng'ombe hawahemi, na nilikuwa nawapita watu wote. Aliyekuwa ananikaribia ni Mama Oresta tu, na yeye alikuwa na maksai wanne. Tulikuwa tunashindana kufika barabarani kwenye lori la mnunuzi, maana anayefika kwanza anapakia kwanza, wa mwisho anaweza kurudi na mzigo wake. Lakini nisikudanganye. Hata kama lori lingekuwa na nafasi ya kijiji kizima, ningetaka kumpita Mama Oresta.

Ulikuwa mwezi wa kumi na moja, tumebakiza mahindi ya mwisho. Asubuhi mawingu yalikuwa yameshuka mpaka kwenye paa. Masanja akapita akanikuta napakia.

"Mama Pius, yale matairi niliyowaletea mmeyala?"

"Yapo stoo."

"Mvua ikija hivyo vipara havitakujua. Na mzigo umeuweka wote nyuma. Usogeze mbele kidogo, ng'ombe wausikie shingoni. Nira ikiinuka watavutia koo."

Nikamwambia, "Wewe umekuja juzi na vumbi lako la huko kwenu, utanifundisha mimi barabara ya Mwazye?"

Akacheka. Masanja hakuwa mtu wa kukasirika. Akasema, "Barabara ni yako, mama. Ng'ombe ni wa kwetu." Akaenda zake.

Babu yako alikuwa amesimama pale anasikia. Akaniangalia. Mimi nikaongeza magunia mawili, na nikayatupia nyuma kabisa, ndiko kulikobaki wazi, kupanga upya kungenichelewesha.

Tukaondoka. Baba yako nimemwacha kwa shangazi yake, namshukuru Mungu kwa hilo. Mvua haikuwa imeanza. Tukafika kwenye kile kilima kirefu kabla ya kijito, na kupanda kukaanza kunionyesha ujinga wangu. Mzigo ukakaa nyuma, ule mti mrefu wa mbele unaobeba nira ukanyanyuka, nira ikapanda shingoni ikawakaba. Shujaa anakohoa. Kwato zinakwaruza tu. Ndiyo maana uliponieleza habari yako ya gari kukaa kitako nilikuelewa kabla hujamaliza, ukadhani nina akili sana. Sikuwa na akili. Nilikuwa nimeshaiona.

Kasto akafanya alichoweza. Akaruka akakaa kwenye ule mti wa mbele, karibu na mikia ya ng'ombe, awe uzito. Nira ikatulia, wakavuta, tukapanda. Tulipofika juu, mvua ikashuka. Unaijua mvua yetu ya kwanza, haina salamu. Chini kule tukamwona Mama Oresta anavuka kijito. Kasto akageuza kichwa, akaniambia taratibu, "Sabina, tushushe magunia mawili hapa. Tutayarudia."

Nikamjibu, "Ametutangulia. Kaa hapo hapo."

Akakaa.

Hayo maneno matatu, mjukuu wangu, nimeyasikia kila siku tangu siku ile. Naosha vyombo, nayasikia. Niko kanisani, nayasikia.

Udongo ule ukilowa unakuwa mlenda. Hatukufika hata katikati ya mteremko. Sikupiga fimbo, sikufanya chochote, matairi yenyewe yakaacha kubingirika yakaanza kuteleza, kama mtu aliyekanyaga ganda la ndizi. Nyuma kule nilikorundika uzito kukatoka njiani, kukaja mbele. Nilimwona Polepole ananipita ubavuni na mimi niko juu ya mkokoteni. Halafu tukaanguka. Mimi niliangukia magunia, sikuchubuka hata kidole. Kasto alikuwa hapo hapo nilipomwambia akae, na mkokoteni ukamlalia mguu.

Masanja ndiye aliyekuja kuuinua, na ng'ombe wake. Alinipa kanga yangu iliyokuwa matopeni, akamfunga Kasto mguu kwa vijiti, tukampeleka hospitali kwa mkokoteni wake, wenye kashata. Mguu ulipona, lakini ulipona umepinda.

Kesho yake nilirudi pale peke yangu. Sijui nilifuata nini, magunia walikuwa wameshayatoa. Nikaiona njia yetu kwenye udongo. Ya Mama Oresta ilikuwa na alama zake, moja moja, kama mshono wa cherehani, imekwenda mpaka ng'ambo. Yangu ilikuwa mistari miwili laini, kama mtu amekokota ubao, halafu ikakunja, ikawa pana, ikaishia mtaroni. Nilisimama nikaitazama mpaka mvua nyingine ikaja.

Watu walipouliza, Kasto akawaambia ng'ombe alimkanyaga. Aliwaambia kabla mimi sijafungua mdomo, na mimi nikaufunga vizuri zaidi. Miaka yote hiyo. Nilimuuliza mara moja tu, tumezeeka tayari, kwa nini alinifichia. Akasema, "Ningesema ni wewe, wangenipa mguu mpya?" Akaendelea kupukuchua mahindi yake. Ndivyo alivyokuwa. Mimi ndiye niliyebaki na mdomo, na hiyo habari sijaisema kwa mtu, hata baba yako hajui. Ukitaka kumwambia mwambie. Nimechoka kumsingizia Shujaa.

Sasa nakuja kwenye ufunguo. Jana nilipoutumbukiza kwenye debe la ulezi nilijiona nimekuokoa. Nilikaa kwenye kigoda nikijisifu moyoni. Halafu ukasema neno lako la ng'ombe ukatoka, mlango ukaupiga, ndipo nikasikia nilichokuwa nakuambia kwa kuficha ule ufunguo. Nilikuwa nakuambia kaa hapo hapo. Sauti ile ile. Nia nzuri ama mbaya, sauti ni ile ile, na mara ya kwanza nilipoitumia mtu alinitii. Ndiyo maana nimeurudisha. Sitaki unitii, Dafroza. Kasto alinitii, na unajua sasa ilivyokuwa.

Lakini usidhani nimekaa bure. Mimi si mtu wa kukaa bure.

Nimefungua buti la gari lako. Ulivyopakia ni aibu, na mimi ni mtaalamu wa kupakia vibaya, naweza kusema. Gunia la unga wa ulezi nimelitoa. Najua nilikulazimisha ulichukue, nikakuambia Mbeya hakuna unga wenye ladha. Litakuja kwa basi, au halitakuja, utakula wa huko kama watu wengine. Sanduku la spana nimelihamishia mbele, kwenye kiti cha abiria. Lilinitoa jasho, na ukinikuta nimeshika kiuno usiulize. Sasa buti lina nafasi. Vile vipara vyako viwili, na ringi zake, vinaingia vimelala. Nimepima kwa kamba. Ukifika Mbeya utavifunga kwenye uwanja wao wanakuona, na wataona pia kwamba binti wa Sumbawanga anajua kufunga tairi mwenyewe. Kwa akili yangu hiyo ni sifa kubwa zaidi, lakini mimi najua ng'ombe tu.

Matairi yako mawili ya kashata nimeyatoa stoo, nimeyabingirisha mwenyewe mpaka barazani. Lazaro amepita ameyajaza upepo. Alitaka ayafunge kabisa wewe hujarudi. Nikamkatalia. Nikamwambia gari si lako, na si langu. Alinitazama kama mtu aliyemsikia jogoo anaongea Kiswahili. Basi yako hapo barazani, jeki iko juu yake, spana ya magurudumu iko juu ya jeki, na barua hii nitaiweka chini ya spana isipeperuke. Gari lako liko kama ulivyoliacha. Vipara viko mbele bado. Sijagusa hata nati moja.

Ukirudi jioni ukaisoma, usije kuniamsha kwa maneno. Sitaki uniambie umeamua nini. Ukiniambia hapana nitaanza kukupigia kelele, ukiniambia ndiyo nitaanza kujisifu, na yote mawili huyapendi.

Kesho alfajiri nitakuwa jikoni nakoroga uji. Njoo unywe. Nipe shikamoo ya usoni, nikuwekee mkono kichwani kama babu yako alivyokuwa anafanya, uende. Sitatoka kusimama mlangoni, kwa sababu nikitoka nitasema kitu. Nitakaa jikoni mpaka nisikie umepita kwa mama muuza mkaa na umeingia barabara kubwa.

Hapo ndipo nitatoka uani. Mvua hii haitakatika leo, udongo utakuwa laini, utashika kila kinachopita. Ukienda moja kwa moja tairi la nyuma linafuta alama ya la mbele, hilo najua. Lakini pale kwenye mgomba, unapokata kona kutoka uani, ya mbele na ya nyuma hayapiti njia moja. Nitakwenda kusimama pale kwenye mgomba. Elimu yangu ni ndogo, lakini alama hizo nilijifunza kuzisoma zamani sana, na sihitaji miwani.

Bibi yako,
Sabina, mke wa Kasto